Nani Alikosa, Baba au Mama?



Wapendwa wanandoa, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo limetikisa nyumba nyingi huku kwetu karibu na ziwa, nalo ni ugonjwa wa mtoto. Sisemi kwamba ugonjwa ndio uvunjao nyumba. Nimeona wazazi wengi waliopendana zaidi wakiwa kando ya kitanda cha hospitali kuliko siku ya arusi yao. Kinachovunja nyumba ni lile swali linaloulizwa baadaye: "Ugonjwa huu umetoka upande wa nani?"

Jumapili moja baada ya ibada, bwana mmoja na mkewe walinisubiri chini ya mwembe, nje ya kanisa la kigango chetu. Ni watu waliofunga ndoa kanisani, na mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Mama alikuwa amempakata binti yao wa pili, wa mwaka mmoja na miezi miwili. Macho ya mtoto yalikuwa ya manjano. Alipokuwa na miezi minane, mikono na miguu yake ilivimba, akalia usiku kucha. Tangu hapo homa hazikuisha, na mara mbili alikuwa amepungukiwa damu.

Mama mkwe alikwisha kutamka wazi kwamba katika ukoo wao hakuna ugonjwa wa namna ile, kwa hiyo umeletwa na mwanamke. Ndugu za mke nao walijibu kwamba babu ya mume alikufa na kinyongo, na sasa mtoto ndiye anayelipa. Bwana alikuwa ameanza kulala nyumbani kwa mamaye. Akaniuliza mkewe akisikia: "Mwalimu, wewe unasoma Neno kila siku. Hebu tuambie ukweli. Nani alikosa, mimi au huyu?"

Kabla sijawaeleza nilichojibu, yanipasa niungame jambo. Watu hawa walikuwa wamenijia mara ya kwanza miezi mitatu kabla ya siku hiyo. Niliwapa novena, nikawaambia wasameheane, nikawaaga. Sikuuliza kama mtoto amepimwa damu. Nilimaliza kidato cha nne, na habari za damu nilifundishwa darasani, lakini nilikuwa nimeziacha ndani ya daftari. Nilidhani kazi ya katekista ni sala tu, na mengine ni ya daktari. Sista mmoja muuguzi wa zahanati ya misheni alipopata habari hizo alinikemea kwa upole. Alisema, "Mwalimu, novena ni njema, nami naisali. Lakini mtoto ana roho na ana damu. Wewe umeiombea roho, na damu umeiachia nani?" Maneno yale yalinichoma, na mpaka leo nayakumbuka.

Basi siku ile chini ya mwembe nilifungua Injili ya Yohane, sura ya tisa. Mnaijua habari hiyo. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Tazameni jinsi swali la wanafunzi lilivyo sawasawa na la huyu bwana! Nao walikuwa wakitafuta wa kumlaumu. Yesu aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Alikataa lile swali lenyewe. Kisha hakuishia kwenye maneno. Alitema mate chini, akafanya tope, akampaka yule mtu machoni, akamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Bwana wetu angeweza kumponya kwa neno moja tu, lakini alitumia udongo na maji, na mgonjwa alitumwa aende kwa miguu yake mwenyewe. Nikawaambia, "Na ninyi leo mnatumwa. Nendeni wote wawili mkapimwe damu, pamoja na mtoto."

Majibu yalipotoka, mtoto alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu twauita sikoseli. Baba alikuwa mzima, lakini amebeba mbegu yake. Na mama alikuwa mzima, lakini amebeba mbegu ile ile.

Ili muelewe maana ya majibu hayo, niwapeleke kidogo katika bustani ya monasteri moja huko Ulaya, katika mji wa Brno, ambao leo uko katika nchi ya Ucheki. Ninyi mliosoma sekondari mnalikumbuka jina la Mendel na zile njegere zake, zile tuziitazo minji sokoni. Mimi nililikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani. Lakini hakuna aliyenieleza, na nilifundisha katekisimu miaka mingi bila kujua, kwamba Gregor Mendel alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, na tena padre.

Alizaliwa mwaka 1822 katika familia ya wakulima wasio na mali. Dada yake mdogo alitoa sehemu ya fungu alilowekewa la kuolewa ili kaka yake aendelee na masomo. Aliingia utawani mwaka 1843, akapewa upadre mwaka 1847. Alijaribu mtihani wa kuwa mwalimu kamili, akaanguka. Lakini tangu mwaka 1856 hadi 1863 alipanda njegere, akazichavusha kwa mkono, akahesabu punje zake moja moja. Alichukua mimea ya punje laini na mimea ya punje zenye mikunjo, akaizalisha pamoja. Watoto wa kwanza wote walikuwa laini. Mtu angesema ile mikunjo imekufa. Lakini alipowapanda hao watoto, wajukuu walitokea laini 5,474 na wenye mikunjo 1,850. Yaani, karibu mmoja kati ya wanne alirudi na mikunjo, ingawa wazazi wake wote wawili walikuwa laini!

Kwa hiyo Mendel alifahamu kwamba kila mzazi ana mbegu mbili za urithi kwa kila tabia, na humpa mtoto moja tu. Mbegu nyingine yaweza kukaa kimya ndani ya mzazi, isionekane kabisa, hadi ikutane na mwenzake. Alitoa matokeo yake mwaka 1865, yakachapishwa mwaka 1866, na ni watu wachache sana waliomjali. Mwaka 1868 alifanywa abate wa monasteri yake. Alifariki mwaka 1884. Ilikuwa mwaka 1900 ndipo wataalamu waliposoma tena maandishi yake na kutambua kwamba padre yule alikuwa ameweka msingi wa elimu nzima ya urithi. Mtu mmoja alisali masifu ya asubuhi, akaadhimisha Misa, kisha akaenda kuhesabu punje za njegere. Hakuona kwamba anatumikia mabwana wawili.

Sasa turudi nyumbani. Damu yetu ina chembe nyekundu zilizo mviringo na laini, zipitazo kwa urahisi katika mishipa midogo. Katika ugonjwa huu chembe hizo hupinda kama mundu, na ndiyo maana tunasema selimundu. Hukwama njiani, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanapotokea. Tena hazidumu. Chembe nzima huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi siku kumi hadi ishirini tu, ndipo damu hupungua na macho huwa manjano. Kabla ya miezi sita mara nyingi mtoto haonyeshi dalili, kwa kuwa damu aliyotoka nayo tumboni bado inamkinga. Kwa hiyo msishangae kwamba alizaliwa akiwa mzuri na mwenye afya.

Baba ana mbegu moja nzima na moja ya selimundu. Mama vilevile. Kila mimba inapotungwa kuna nafasi moja kati ya nne mtoto apate mbegu nzima kutoka pande zote mbili, nafasi mbili kati ya nne awe mbebaji mzima kama wazazi wake, na nafasi moja kati ya nne apate mbegu ya ugonjwa kutoka kwa baba na kwa mama. Wengine hukosea hapa na kusema, "Tumekwisha pata mmoja mgonjwa, basi watatu watakaofuata ni wazima." Sivyo. Kila mimba hesabu huanza upya.

Je, mmeona jambo hilo linatufundisha nini sisi wanandoa? Mzazi mmoja peke yake hawezi kumpa mtoto ugonjwa huu tuliopimiwa hapa. Ni lazima itoke kwa wote wawili. Na wote wawili walitoa bila kujua, kwa wema, katika tendo lile lile la upendo ambalo Mungu alilibariki. Basi "upande wa nani" haupo. Kristo alisema hivyo kuhusu yule kipofu, na padre wa njegere, bila kulikusudia, ametuonyesha kwa hesabu.

Kuna na la zaidi. Daktari mmoja aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu katika sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949. Aliona kwamba wabebaji wa mbegu hii ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache nyanda za juu. Akajiuliza kwa nini. Mwaka 1954 alichapisha jibu: mwenye mbegu moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria. Na malaria imekaa wapi? Pwani na kando ya ziwa! Babu na bibi zetu wengi waliokoka utotoni kwa sababu ya mbegu hiyo. Yule mama mkwe aliyesema ni mkosi hakujua kwamba huenda yeye mwenyewe yu hai kwa ajili yake. Kitu kile kile kilikuwa ngao kwa wengi, na kikawa msalaba kwa wachache. Mimi sijui kulieleza fumbo hilo mpaka mwisho. Lakini najua kwamba laana haifanyi kazi namna hiyo.

Ndugu wapendwa, wengine watasema Kanisa na sayansi hazijawahi kupatana, na watamtaja Galileo. Ni kweli kwamba alihukumiwa mwaka 1633. Ni kweli pia kwamba mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba waliomhukumu walikosea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufundisha, mwaka 1965, kwamba uchunguzi wa kisayansi ukifanywa kwa uaminifu na kwa kufuata maadili hauwezi kupingana kweli na imani, maana vitu vya dunia na mambo ya imani vyatoka kwa Mungu yule yule. Ugomvi hutokea mmoja anapotaka kufanya kazi ya mwenzake. Si ndivyo ilivyo katika nyumba? Mume na mke si mtu yule yule, wala hawashindani. Mmoja akimdharau mwenzake, watoto ndio wanaolala njaa.

Kuna imani isiyotaka kusikia habari za hospitali. Watu wetu hawa walikuwa wamekutana na mhubiri wa uwanjani aliyewaambia watupe vidonge, eti kumeza dawa ni dalili ya imani haba. Walivitupa kwa wiki mbili, na mtoto akaingizwa wodini akiwa hana nguvu hata ya kulia. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha tumheshimu mganga, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na tena Bwana ndiye aliyetoa dawa katika ardhi. Chasema mgonjwa asali, atubu, kisha ampe daktari nafasi yake, wala asimwache aondoke. Hivyo vyote viko katika sura moja. Nani basi aliyewapa ruhusa ya kuvitenganisha? Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa haikuwekwa ili ishindane na sindano. Mwombeni padre ampake mtoto anapofikia umri wa kuelewa, na siku hiyo hiyo mpeni dawa zake.

Kuna pia elimu isiyotaka kusikia habari za Mungu. Hiyo nayo ni kilema. Karatasi ya maabara inaweza kukwambia mtoto ana nini, lakini haikwambii kwa nini umpende. Haikuamshi saa nane za usiku kumkanda miguu. Haimrudishi bwana kutoka nyumba ya mamaye. Wako waliopata majibu sahihi kabisa ya maabara, na bado mume akaenda kutafuta mke mwingine "asiye na mbegu." Elimu ilikuwapo, ila agano lilikuwa limesahauliwa. Siku ya ndoa tuliahidiana uaminifu katika raha na katika taabu, katika afya na katika magonjwa. Na mtoto huyu si kosa la hesabu. Ni mtu kamili aliyeitwa kwa jina lake katika Ubatizo.

Sasa niwape mashauri machache.

Kwanza, mtoto akiwa na dalili hizi, yaani mikono na miguu kuvimba, macho ya manjano, au upungufu wa damu unaorudi rudi, mpelekeni akapimwe. Nendeni wote wawili. Baba asimtume mama peke yake, maana atakayekwenda peke yake atarudi amebeba lawama peke yake.

Pili, fuateni kliniki bila kukosa. Mtoto wa selimundu anahitaji maji mengi ya kunywa, joto wakati wa baridi, chandarua kila usiku, chanjo zote, na dawa za kumkinga na vijidudu na malaria kama atakavyoagiza daktari. Siku hizi iko pia dawa iitwayo hydroxyurea inayopunguza maumivu kwa wengi. Ulizeni juu yake. Akishikwa na homa, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Msingoje kesha la maombi liishe. Sala inaweza kusaliwa njiani.

Tatu, neno "kwenu" lisitajwe nyumbani juu ya ugonjwa. Tena bwana ndiye azungumze na mama yake, na bibi azungumze na ndugu zake. Msiwaache wakwe wapigane vita vyenu.

Nne, Jumuiya Ndogo Ndogo zisifike na rozari tu. Watoto hawa huhitaji damu. Aliye mzima na akakubaliwa na hospitali, akatoe damu. Hakuna sala iliyo karibu na Ekaristi kuliko hiyo, kumpa mwingine damu yako ili aishi.

Tano, wachumba wapimwe mapema, kabla mahari haijapelekwa na kabla mioyo haijafungwa. Kanisa halikatazi wabebaji wawili kuoana. Lakini wanastahili kuujua ukweli, wauzungumze, wausali, ndipo waamue kwa uhuru. Na ninyi mlio katika ndoa tayari, mkiwa na sababu nzito ya kuchelewesha au kuacha kupata mtoto mwingine, Kanisa lawaruhusu kufuata njia za asili zinazotegemea siku za mama. Kazi hiyo yahitaji wawili. Baba asiyejua kusubiri ataifanya iwe mzigo wa mama.

Mtaniuliza wale wawili waliishia wapi. Siku ya majibu walikaa kwenye benchi la zahanati muda mrefu bila kusema neno. Kisha bwana akainuka, akamchukua mtoto mikononi mwa mkewe, akambeba yeye mwenyewe hadi nyumbani. Jioni alikwenda kwa mamaye kuchukua nguo zake. Alimwambia, "Mama, ni mimi pia. Ni sisi wawili." Mama yake alinyamaza, na kwa siku nyingi hakumsalimu mkwewe. Lakini mtoto alipolazwa tena, yeye ndiye aliyepika uji na kuupeleka wodini.

Binti huyo sasa ana miaka tisa, nami namfundisha katekisimu ya Komunyo ya Kwanza. Hajapona. Ziko juma anazokosa darasa, na ziko usiku ambazo baba yake hunipigia simu nisali pamoja naye, huku wakimngoja mwenye pikipiki awapeleke hospitali. Ninasali. Kisha ninamwuliza, "Umemnywesha maji? Umechukua kadi yake?" Zamani nisingeuliza hayo.

Jioni ya leo, watoto wakiisha kulala, ninyi wawili mketi mkaulizane maswali haya. Je, kuna ugonjwa au taabu katika nyumba yetu ambayo tumekuwa tukiitupia upande wa mwenzetu? Je, tunasali pamoja juu yake, au kila mtu na kona yake? Je, kuna kipimo ambacho tumekiogopa kwa sababu tunaogopana? Na kama lipo la kusameheana, msameheane kabla ya kuzima taa. Kesho yake nendeni kliniki pamoja.

Mungu azibariki nyumba zenu.